Saniar Asogezwa Jikoni

Siku alipoolewa, Saniar alipewa chumba cha mbele kabisa, cha bibi harusi, na mumewe Sutan Bandaro akapandishwa ngazi kuu kwa ngoma na vigelegele. Nyumba zetu za Minangkabau ndivyo zilivyo. Vyumba ni vya mabinti. Mume huja jioni, na alfajiri hushuka kurudi kwa mama yake.

Mdogo wake Rabiah alipoolewa, Saniar alisogea chumba kimoja kuelekea jikoni. Aliyefuata alipoolewa, akasogea tena. Hakununa, ndiyo desturi. Ila wenzake walihama na watoto, yeye alihama na mto wake na sanduku, kwani Mungu hakumjalia.

Sasa kitinda mimba naye amepata mchumba, na vyumba vimekwisha.

"Utalala na mimi pale jikoni," mama yao alisema bila kumtazama. "Wenzako wana watoto, mwanangu."

"Na Sutan?"

"Si akalale msikitini na wazee wenzake!" Rabiah akadakia. "Ujana wake ameshaula yule, dada."

Wakacheka. Saniar naye akacheka, kisha akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Roho ilimuuma. Mwanamke asiye na chumba hana pa kumpokea mumewe, na mume naye, taratibu, bila ugomvi wala talaka, huacha kuja.

Harusi ikapita. Jioni iliyofuata Saniar alitandika mkeka kando ya mafiga, sikio likiwa kwenye ngazi kuu. Walipanda waume wa wadogo zake, na bwana harusi mpya naye akapanda. Sutan hakupanda.

Mara ngazi ya nyuma ikalia, ile ya wanawake wanaotoka kuteka maji. Hakuna mkwe aliyewahi kuikanyaga, angeitwa mdokozi. Kikachomoza kichwa cha Sutan, kofia imeenda upande, mkeka kwapani.

"Jamani! Shemeji anadokoa ubwabwa!" Rabiah akapiga ukelele mlangoni pa jikoni, wenzake wakaja kuchungulia.

"Sidokoi kitu, shemeji. Mke wangu yuko huku. Huko mbele nipite nikamsalimie nani?"

Mama yao akajifunika uso kwa ushungi.

"Umekula?" Saniar aliuliza.

"Bado."

Akasogeza masufuria, mumewe apate pa kukaa. Machozi yalimtiririka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.