Pua ya Shimo la Viazi

Nakumbuka siku niliyofukua shimo la viazi la marehemu mama, nikapokewa na harufu ya pombe. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jana yake, na hapa Mkonze kila mtu alikuwa shambani.

Mwanangu, viazi vile havikuwa vya kula. Vilikuwa mbegu. Kiangazi chetu unakijua, marando ya kupandia hukauka yote. Kwa hiyo kila mavuno mama alichagua viazi vitamu visivyo na jeraha, akavifukia shimoni kwa nyasi kavu na majivu, ili mvua ikija vichipue. Vilikuwa na ganda jekundu na utamu ambao sijaukuta pengine. Alivirithi kwa mama yake. Wiki yake ya mwisho kitandani aliniambia neno moja tu la nyumba: "Mbegu isipotee."

Katikati ya shimo alikuwa amesimamisha kicha cha mabua ya mtama, ncha zikatokeza nje ya udongo. Sikuwahi kumwuliza ni cha nini. Baada ya mazishi niliona panya watapitia hapo, nikakichomoa. Tena nilikuwa nimeona samaki wa bwawa la Mtera wakitiwa chumvi wanakaa miezi, basi nikafunua udongo, nikavinyunyizia viazi maji ya chumvi, nikavifunika kwa nailoni na kushindilia udongo. Nilijiona hodari kweli. Akili nyingi huondoa maarifa, na zangu siku hizo zilikuwa nyingi.

Siku ile ya kufukua, mama mkubwa, dada yake mama, alifika na kikapu. Mbegu yake ilikuwa imemfia, akawa anategemea yetu. Nilimwamkia. Aliinama akaokota kiazi, kikabonyea, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mabua yako wapi?"

"Niliyatoa, mama."

"Na hii chumvi?"

"Niliona samaki wanavyohifadhiwa."

Alikitupa kile kiazi. "Samaki amekufa. Kiazi kinahema. Mama yako alikiachia pua, wewe umeiziba."

Tulichimba wote wawili mpaka chini, hatukupata hata kimoja kigumu. Akaondoka na kikapu kitupu. Heri angenichapa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na yangu yaliletwa na mjukuu hasa. Anasoma kilimo chuoni. Likizo iliyopita alinieleza walivyokata vipande vya kiazi, vingine wakaviloweka kwenye maji matupu, vingine kwenye maji yenye chumvi kidogo, na vya chumvi vikahema kwa kasi zaidi. Hewa ikikosekana, akasema, kiazi hugeuza sukari yake kuwa pombe, kisha hufa na kuoza. Alisimulia kwa furaha, maskini, hakujua anamsimulia nani. Kumbe nilivifanya vitake hewa zaidi, halafu nikaifunga. Niliingia chumbani nikalia, mimi mtu mzima na mvi zangu.

Mbegu ile nimeitafuta kwenye magulio yote ninayoyajua. Nimewauliza hata wakulima wa milimani Kondoa. Wananionyesha viazi vyekundu, nanunua, napika, naonja. Siyo.

Basi shika hili, mwanangu. Kilichotolewa ardhini si lazima kiwe kimekufa, na kilicho hai hakihifadhiwi kwa kuzibwa. Ukikuta kitu mzee amekiweka mahali nawe huoni kazi yake, usikichomoe. Kaulize kwanza. Mimi nilikaa na mama miaka kumi na tisa, nikapita karibu na mabua yale kila siku, na swali lilikuwa la maneno matatu tu.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na mbegu isiyokatika mkononi mwako. Akujalie pia ulimi mwepesi wa kuniuliza mapema, maana kifua changu siku hizi kinabana, na mimi nami bado nahema.