Kazi Isiyoomba Muhuri

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani huwa natafuta benchi la karibu na mlango, ili miguu ijue kwamba njia ipo. Kwa hiyo mama alipopooza upande wa kulia, nikaacha mapokezi ya hoteli ya watalii kule Mweya na kurudi kwetu mpakani, Bwera, ili nimuuguze, kazi ya kumwogesha na kumgeuza kitandani haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kukaa.

Meneja wangu alikuwa muungwana. Alinipa miezi mitatu, akasema baada ya hapo itabidi kiti changu akalie mwingine. Kaka zangu, ambao wote wanaishi mbali, walikwisha amua kwamba nikirudi Mweya watalipa msichana wa kumtunza mama. Mama alisikia maneno hayo kwenye simu, akageuza uso ukutani na hakula siku ile. Nikaapa kimoyomoyo: nitapata kazi ya kufanyia hapahapa, ndani ya miezi mitatu, au niitwe mwongo.

Nikaanza kutafuta. Mtandao ulishika sehemu moja tu, nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa migomba na kahawa. Nasimama pale na simu, narudi ndani kumpa mama uji, natoka tena kabla bakuli halijapoa. Mama alizoea kusema nami Lhukonzo, lugha yetu, lakini akitaka kunitania au kunigombeza alihamia Kiswahili cha sokoni, kile alichouzia kahawa na vitenge mpakani miaka mingi.

"Uko natembea sawa kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga," aliniambia siku moja. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu augue, lakini dhihaka ilitoka nzima.

Tangazo nililipata mwezi wa kwanza wa ile mitatu. Kampuni ya Kampala, walisema, inatafuta watu wa kuchapa vitabu vya zamani, kila mtu nyumbani kwake. Waliandika Kiingereza cha ofisini, chenye maneno marefu. Walitaka nakala za vyeti, picha mbili za pasipoti, hela ya kufungua faili, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri.

Barua hiyo ndiyo iliyoniangusha. Kwetu, bila barua ya mwenyekiti wewe si mtu. Unataka kufungua akaunti, kumwombea mtoto shule, kumtoa ndugu kituo cha polisi, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni barua. Nikajiambia: mwizi gani atataka barua ya mwenyekiti? Mwizi anakimbia mwenyekiti! Nilijiona mjanja sana kwa kufikiri hivyo.

Mwenyekiti wetu alikuwa askari mstaafu, na ofisi yake, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, aliiendesha kama lango la kambi.

"Simama hapo. Jina naijua. Sababu!"

"Kazi, afande."

"Kazi iko wapi?"

"Nyumbani kwetu, afande."

Akanitazama. "Kazi ya nyumbani, inaomba muhuri?"

"Ndiyo, afande."

"Basi hiyo ni kazi ya ukweli," akasema. Akaupulizia muhuri pumzi mara mbili, akaugonga kwenye karatasi mpaka meza ikatikisika.

Nikapanda gari hadi Kasese, nikapiga picha, nikachapisha, nikatuma kila kitu. Nilirudi nikiimba. Wiki ya kwanza nilienda mteremkoni mara kumi kwa siku. Wiki ya pili nilianza kuamka alfajiri kuangalia simu. Wiki ya tatu namba yao haikupatikana tena, na bado niliendelea kwenda mteremkoni. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kisha akaja mwanamke mmoja kwa bodaboda, kutoka Kisinga. Ni mama wa makamo, mchuuzi wa samaki wa chumvi. Anawanunua ziwani, Hamukungu, na kuwauza mpakani. Alishuka akiwa ameshika karatasi.

"Wewe ndiye huyu?" akaniuliza.

Nilitazama. Ilikuwa picha yangu ya pasipoti, na chini yake barua yangu, na chini ya barua muhuri wa mwenyekiti wetu, ulioonekana vizuri kabisa. Juu wale wa Kampala walikuwa wameandika kwamba mimi ni wakala wao wa wilaya nzima ya Kasese.

"Mimi nilituma pesa sababu ya hii muhuri," alisema. "Nilisema, huyu iko na kijiji, iko na mwenyekiti, hawezi kutoroka. Sasa nimekuja. Kazi yangu iko wapi?"

Nilimweleza kwamba na mimi nimeibiwa. Nilimwonyesha ujumbe wote kwenye simu. Alisoma, akanirudishia simu, akatikisa kichwa. Sijui kama aliniamini. Kabla ya kupanda pikipiki aliniachia namba yake, akasema nikipata habari nimwambie, na hilo liliniuma kuliko matusi ambayo ningetukanwa.

Baada yake walikuja wengine wanne. Polisi waliandika maelezo yangu na kunionya nisitoke wilayani. Mwenyekiti aliniita, akanisimamisha kwenye jua kali, akaniambia muhuri wake hautaligusa tena jina langu. Njiani watu walinisalimu haraka na kupita. Niliona aibu hadi nikaacha kwenda sokoni, mimi nisiyekaa, nikabaki nazunguka uani kama mbuzi wa kamba. Usiku mama alikuwa anauliza kila aliyekuja alitaka nini, na kila mara nilimdanganya.

Mwezi wa tatu ulikuwa umeingia. Rafiki niliyesoma naye sekondari, aliyekuwa akifanya kazi ya kuandika maneno kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, alikuwa amenitumia anwani ya ofisi yake wiki mbili nyuma. Watafiti wanahoji watu, ofisi inapokea sauti, watu kama yeye wanasikiliza nyumbani na kuandika. Walihitaji anayesikia Kiswahili cha mpakani. Sikumjibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishtuka zaidi kwa sababu hawakuomba chochote. Hakuna ada, hakuna picha, hakuna barua. Ndani ya ujumbe wa rafiki kulikuwa na sauti yao ya majaribio ya dakika tano, na agizo: andika unachosikia. Kazi gani hiyo inayokubali mtu asiye na hata mwenyekiti?

Mwishowe nilimweleza mama jinsi wale wa Kampala walivyoniibia, kisha nikamsomea ule ujumbe ili anisaidie kuucheka. Hakucheka.

"Bale ba Kampala balikuomba nini?" aliuliza.

"Vyeti. Picha. Hela. Muhuri."

"Na kazi? Balikuomba siku gani baone kazi yako?"

Nikafungua tena simu. Hawakuwahi. Katika ujumbe wote ule hakuna aliyeniuliza kama naweza kuchapa hata mstari mmoja.

"Hawa biko naomba kazi tu," mama alisema. "Upatie bo kazi."

Niliandika zile dakika tano kwa siku mbili, kwenye kompyuta yangu ya zamani. Walinirudishia. Walikuwa wameweka alama nyekundu kila mahali: hapa umeruka neno, hapa umesanifisha lugha ya mtu, andika alivyosema, hapa koma. Nilikasirika, halafu nikaanza kutabasamu peke yangu pale mteremkoni. Mwizi hawezi kukurudishia kazi kwa sababu ya koma. Nilirudia, wakanirudishia tena, nikarudia tena. Ya tatu ikapita. Kazi ya kwanza wakaileta, nikaifanya, wakalipa siku waliyosema. Ndipo nikampigia meneja kule Mweya nikamwambia kiti ampe mwingine. Mama alikuwa anasikiliza kutoka kitandani. Aliomba chai, tena yenye sukari nyingi.

Ningeweza kuishia hapo nikatulia. Sikutulia. Picha yangu ilikuwa bado inatembea kwenye simu za watu, na yule mama wa Kisinga alikuwa ameniachia namba. Ofisi iliposema inahitaji sikio jingine la mpakani, linalojua kuandika, nikampigia.

Alikuja kwa bodaboda. Aliposhuka alimwambia dereva asizime injini, akasimama katikati ya uwanja na mkoba kifuani.

"Nalipa ngapi?"

"Hulipi kitu, mama."

"Barua ya mwenyekiti?"

"Hawaitaki."

"Picha?"

"Hawaitaki."

Akacheka bila furaha. "Dada, mara ya kwanza ulinikula na muhuri. Leo unataka kunikula bila hata muhuri?"

Jina langu ndilo lililokuwa limeliwa, na hakuna ofisi inayogonga muhuri wa kulirudisha. Nilichokuwa nacho ni ile sauti ya majaribio, wanayopewa wote wanaoomba. Nikaingia ndani, nikatoka na kompyuta na hedifoni, nikamnyooshea. Hedifoni aliziweka kwenye sikio moja tu, lingine akaliachia injini.

Ilikuwa sauti ya mwanamke muuza samaki, anaeleza biashara yake ya kuvuka mpaka. Yule mama alisikiliza ameangalia chini. Kisha akakunja uso.

"Muongo huyu," alisema. "Samaki ya chumvi wiki tatu bila kuianika tena? Nani alimufundisha?" Akaweka sikio la pili. "Rudisha nyuma. Nimusikie vizuri."

Nikarudisha nyuma. Kutoka chumbani mama akapaza sauti yake nzito kwamba mgeni apewe kiti. Mgeni hakusikia. Alikuwa amekwisha kaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani, kidole kimoja kinatafuta herufi ya kwanza. Mwenye pikipiki akapiga honi kumhimiza. Akainua kichwa kwa hasira.

"Zima hiyo kitu," alimwambia. "Niko kwa kazi."