Dakika ya Chumba Kitupu

Walimwita Mama Kimya, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila walipomaliza kupiga picha chumbani, watu wakiwa wameshaanza kukunja nyaya na kuulizana chakula kiko wapi, yeye alisimama katikati na kinasa sauti chake begani, akasema, "Kimya." Hapo hata mwongozaji, bwana mkubwa wa shughuli nzima, aliganda mguu mmoja hewani. Mama alikuwa anarekodi chumba kitupu kwa dakika moja, jinsi kilivyo wakati hakuna anayesema. Ukikohoa, dakika inaanza upya, na jicho utakalokatwa hutalisahau.

Wengi waliona ni kero tupu. Lakini kila chumba kina sauti yake: friji ya jikoni, upepo unaopita chini ya mlango, barabara ya mbali. Mhariri akikata maneno na kuunga picha bila kutandika sauti hiyo chini yake, mtazamaji anasikia mashimo, ingawa hajui ni nini kinachomsumbua. Mama Kimya alikuwa fundi wa kutandika. Alikuwa amevuka hamsini, ameshafanya filamu za mapenzi, za vichekesho, za majambazi wanaokimbia na viatu vya kuazima, na mwaka huu akafanya ya kutisha, ya kwanza maishani mwake. Watu walitoka ukumbini wameshikana mikono, watu wazima na ndevu zao.

Ndiyo maana akaalikwa chuoni. Mwalimu wa darasa la filamu alitaka wanafunzi waichambue sehemu moja mbele yake, kipande kwa kipande, kisha wamuulize maswali. Mwongozaji naye alikuja, akakaa safu ya mbele akiwa amekunja nne, mtu aliyekuja kusikia akisifiwa. Mama alivaa gauni lake zuri. Alikuwa na furaha, na hilo nalisema mapema kwa sababu halikudumu.

Sehemu yenyewe ni fupi. Mwanamke anapanda ngazi za nyumba aliyopanga, anakwenda kwenye chumba cha juu ambacho mwenye nyumba alimkataza asikifungue. Hafanyi lolote zaidi ya kupanda, kushika kitasa na kufungua. Ndani hamna kitu, na hapo ndipo watu ukumbini walipopiga mayowe.

Mwanafunzi wa kwanza alizungumzia kamera. Imewekwa chini, sawa na kitasa, alisema, kwa hiyo mwanamke akikaribia kichwa chake kinatoka nje ya picha na sisi tunabaki na mkono tu. Wa pili akashika suala la mikato: vipande vya ngazini ni vifupivifupi, lakini kile cha mlangoni kinakaa, kinakaa, mpaka unatamani kumsaidia kufungua. Mwalimu aliandika ubaoni. Mama aliitikia kwa kichwa, akijiona mtu kati ya watu.

Kisha akasimama msichana mmoja wa nyuma, mwenye miwani.

"Mimi swali langu ni la sauti, mama. Ule mlio mwembamba, unaoanza akifika ngazi za mwisho. Kama wa mbu vile, ila hauondoki. Unazidi, unazidi, halafu akifungua mlango unakatika hapohapo. Mimi ulinitisha kuliko hata picha. Kwa nini uliukata pale, hukuuacha uingie naye ndani?"

Mama alisubiri mtu acheke. Alidhani msichana amechanganya na filamu nyingine. Hakukuwa na mlio wowote kwenye sehemu ile. Ameitandika mwenyewe, amekaa nayo na hedfoni masikioni mpaka masikio yakawasha, anaijua kama njia ya kwao. Lakini darasa zima lilikuwa linakubaliana na msichana, na mwongozaji amegeuka anamtazama huku anatabasamu.

Hapo hofu ikamwingia.

"Wewe unafikiri ni kwa nini?" aliuliza. Walimu hufanya hivyo wakikwama, na siku hiyo alielewa raha yake.

"Nafikiri mlio ndio hofu yake," alisema msichana. "Akiwa nje hajui kuna nini, kwa hiyo unalia. Akiona chumba kitupu, unanyamaza. Ila sisi ndio tunazidi kuogopa, kwa sababu sasa hatuna hata wa kutuonya."

Mwalimu akasema hilo waliandike. Wakaandika.

"Turudie," Mama alisema. "Kipande hicho hicho."

Safari hii hakuangalia picha. Aliwaangalia wao. Mwanamke akapanda ngazi, nyayo zikagonga mbao, hizo alizisikia vizuri. Halafu darasa zima, kwa pamoja, likakunja uso. Kijana mmoja alijishika shingo. Mwalimu alibana meno. Kuna kitu kilikuwa kinaingia masikioni mwao wote na kutambaa humo, na yeye amekaa katikati yao hasikii ila feni ya dari. Alikaza sikio mpaka kichwa kikamgonga. Hola. Mlango ukafunguka, na nyuso zote zikalegea. Mwaka mzima amehangaika kutafuta namna ya kutisha watu, na yeye hajawahi kuogopa namna hii.

Wakati mwalimu anashukuru, yeye alikuwa ameshafika mbali. Alikumbuka zile ngazi. Kulikuwa na taa ya tyubu darini, ndefu, inayopepesapepesa, na taa ya namna hiyo ikichoka hulia. Fundi umeme alimuuliza, "Mama, niizime?" naye akamjibu, "Iache, haina kelele," na fundi akamtazama kidogo kisha akaiacha, maana nani ambishie Mama Kimya habari za kelele? Akasema kimya, watu wakaganda, akarekodi dakika yake safi, na mlio ukiwemo ndani mzimamzima. Kule studio akaona sehemu ya ngazini imepwaya, akawa anaipandisha ile sauti ya chumba kidogo kidogo kadiri mwanamke anavyokaribia mlango. Ilikatika mlangoni kwa sababu chumba cha juu walikipiga kwenye nyumba nyingine, na kina dakika yake. Basi. Hakuna hofu ya mwanamke wala cha kuonywa.

Nje, mwongozaji alimshika mabega. Ni kijana mwenye heshima zake, ila akifurahi hajui kunong'ona.

"Mama, leo umewamaliza! Na mimi ule mlio niliusikia siku ile ile studio. Nikasema moyoni nisimuulize, ataniona sijui kitu. Sasa sikiliza. Filamu ijayo nautaka tena, mwanzo mpaka mwisho. Wiki ijayo tunaanza, na bila wewe sigusi kamera."

"Tutaona, mwanangu."

"Tutaona nini tena? Wewe si ndiye masikio yangu."

Alicheka, na Mama akacheka naye, akiogopa kwamba akiacha kucheka atalia barabarani.

Alitembea mpaka nyumbani akisikiliza kila kitu, kama anayekagua mizigo. Gari zilikuwepo. Sauti za watu zilikuwepo. Alitoa funguo mkobani, akazitikisa karibu na sikio, na zilitoa kishindo kifupi, kizito, kana kwamba zimefungwa kwenye tambara. Zamani zilikuwaje? Alisimama pale pale njiani anajaribu kukumbuka mlio wa funguo zake mwenyewe, watu wanampita.

Mumewe ni fundi saa, na sebule yao ndiyo karakana yake. Meza iko dirishani, saa za ukutani zimetanda kuta zote, za mkononi zimelala juu ya kitambaa cheupe. Miaka yote ya ndoa Mama aligombana na saa hizo. Lakini siku hizi nyumba ilikuwa imetulia, na yeye alidhani kazi imeharibika, watu wanaangalia saa kwenye simu, akamhurumia mumewe asimwambie.

"Baba watoto," alisema akiwa bado mlangoni, "hizi saa zimekufa?"

Mumewe alitoa jichoni lenzi yake ya kutazamia saa. "Zife kwa nini? Zote zinakwenda."

Aliangalia ukutani. Mishale ya sekunde ilikuwa inaruka, yote, chumba kizima kinahangaika mbele ya macho yake bila kutoa neno. Akachukua moja ya mkononi, akaibandika sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Si ulikuwa unanigombeza wewe," mumewe alisema, anacheka. "Kila siku, toa madude yako, nimechoka na kelele. Halafu mwaka jana ukaacha. Nikasema, Mungu mkubwa, mke wangu amezizoea." Akamwona uso, kicheko kikaisha.

"Sizisikii."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mzee wa watu aliweka lenzi mezani. Alisogea, akamshika mkono, akaanza kumgonga kiganjani kwa kidole, polepole, akifuata saa kubwa ya ukutani. Mama akakaa. Kusema kweli aliiogopea kazi kwanza. Kisha akawaza kwamba leo ni saa na funguo, kesho itakuwa nini, sauti ya huyu anayemgonga kiganjani? Akaona aibu kwamba kazi ndiyo iliyotangulia.

"Yule mwongozaji wako utamwambia?" mumewe aliuliza.

"Nikimwambia, imekwisha."

"Usipomwambia je?"

Asipomwambia atakwenda. Atavaa hedfoni na kupima kwa mkono kitu asichokisikia, na siku moja atakipandisha mpaka kiumize watu. Na kwenye kila chumba atasimama katikati, atasema kimya, watu wataganda mguu mmoja hewani kwa ajili yake, na yeye hatajua kama kuna kimya au hakuna. Hilo ndilo lililomshinda.

Akajikaza, akapiga simu.

"Ule mlio sikuuweka mimi," alisema, kabla mwongozaji hajamaliza salamu. "Ni taa ilikuwa inalia. Sikuusikia siku ile, na leo pia sikuusikia. Masikio yangu yanakwenda, mwanangu."

Upande wa pili hapakuja neno. Mama aliigandamiza simu sikioni. Amekijua kimya cha kila aina: cha mtu anayetafuta la kusema, cha aliyekasirika, cha simu iliyokatika, na kila kimoja alikitambua kwa pumzi iliyomo ndani yake. Hiki kilikuwa kitupu kabisa. Alisubiri, macho kwenye mishale inayoruka, mpaka akashindwa.

Akampa mumewe simu.

"Hebu nisikilizie," alisema. "Amekata, au bado yupo?"