Mama Vifuniko Aliyesagwa Jumanne

Sitaki kumpamba. Mama Vifuniko amekuwa jirani yangu wa meza katika yadi ya plastiki kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyenikera kama yeye. Mimi nachambua madumu, yeye anachambua vifuniko na ndoo zilizopasuka. Nikitupa dumu kwenye gunia langu, anageuza shingo: "Hilo lina gundi." Nani kamuuliza? Lakini atalitoa, atalikwangua kwa ukucha, atalinusa, ndipo alirudishe, tena kwa sura ya mtu aliyeniokoa na aibu.

Ndiyo maana hakuna gunia lake lililowahi kukataliwa. Hata moja. Wapokeaji wa kiwanda cha mabeseni, kilichopo ng'ambo ya barabara, walikuwa hawalifungui. "La Mama Vifuniko? Pakia." Neno hilo lilikuwa likimtosha siku nzima. Hana cheo, hana shamba, hajawahi kushinda kitu chochote, lakini alikuwa na hilo.

Kisha ukaja mfumo. Kiwanda kilisema wateja wake hawaamini tena maneno ya mdomo, wanataka kujua kila beseni limetoka kwenye gunia gani, na gunia hilo limepita mikononi mwa nani. Kila gunia likabandikwa stika yenye kimraba cha madoadoa meusi. Kamera ya mizani inayasoma, kamera ya mashine ya kusaga inayasoma, na kiwandani yanasomwa tena. Sisi wachambuzi tukavishwa vitambulisho shingoni, navyo vina madoadoa yaleyale. Karani wa mizani, baba mmoja wa makamo anayevaa tai hata siku ya kufagia, akatuhutubia. "Kinachoingia kwenye mfumo hakifutwi," alisema. "Mimi siwezi kukifuta, bosi hawezi, hakuna awezaye. Ndiyo maana unaaminika." Tukapiga makofi. Tulikuwa tumepewa soda baridi, tungepigia makofi hata mvua ya mawe.

Hakuna aliyekumbuka habari ya kukumbatia. Mizani yetu, iliyo nje kando ya lango, ina sahani ndogo, gunia halisimami juu yake, linaanguka. Kwa hiyo tangu zamani tunalikumbatia na kupanda nalo. Karani anasoma jumla, halafu anatoa uzito wa mchambuzi, ambao umeandikwa kwa chaki ukutani. Ndiyo, uzito wetu sote uko ukutani, na mfumo hausomi ukuta; wangu ni kilo ngapi, msiniulize.

Jumanne hiyo Mama Vifuniko alipanda mizani amelikumbatia gunia lake. Stika ya gunia ikajificha kifuani kwake, na kitambulisho kilikuwa kimezungukia mgongoni, kamera iliko. Taa ya kijani ikawaka. Akalibeba gunia hadi kwenye mashine na kulimimina, mgongo umeielekea kamera ya pili. Kijani tena. Akaenda zake kunywa maji.

Jumatano asubuhi lango lilikataa kumfungulia. Karani akaja na simu yake ya mfumo, akasoma, akasoma tena, akalegeza tai.

"Mama, kuna tatizo dogo. Mfumo unasema umesagwa."

"Nani kasagwa?"

"Wewe. Jana, saa nne na robo. Kilo themanini na tisa, daraja la kwanza, uchafu hakuna."

Mama Vifuniko alijipapasa mikono, kama mtu anayetafuta funguo. "Na huyu anayeongea na wewe ni nani?"

"Mfumo hauna sehemu ya kuuliza hilo," karani akajibu, na masikini hakuwa anatania.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kilikatika karani alipoeleza yaliyobaki. Magunia ya Mama Vifuniko hayawezi kupokelewa, kwa kuwa mali haiwezi kuleta mali. Na Ijumaa anakuja mkaguzi wa kiwanda. Meza ya yeyote ambaye siku hiyo si hai kwenye mfumo itapewa mtu mwingine.

"Ila njia ipo," karani akasema, sasa kachangamka. "Gunia likikataliwa kwa uchafu, msimbo wake, yaani yale madoadoa, unarudi kuwa hai ili lisafishwe. Kuna kitufe. Nabonyeza 'Chafu, lirudishwe', dakika moja tu, umefufuka."

Nilidhani atamrukia kwa furaha. Badala yake alikishika kitambulisho chake kwa mikono miwili. "Mimi nirudishwe?" alisema. "Miaka kumi na saba, halafu iandikwe mimi ni mchafu? Na haifutwi?"

"Haifutwi, mama."

"Basi niache nilivyosagwa."

Akaondoka. Nilimwona akivuka barabara na ndoo yake ya kukalia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimhurumia mwanamke yule. Siku nzima nilitupa madumu yenye gundi na hakuna aliyenigeuzia shingo. Nilidhani nitafurahi, lakini kazi haikuwa na ladha.

Yaliyotokea nyumbani kwake alinisimulia mwenyewe. Alhamisi jioni mumewe, fundi viatu, aliingia na beseni la bluu kutoka duka la mtaani. Akaielekeza simu kwenye stika ya beseni, na picha ya mkewe ikatokea, ile aliyopigwa siku ya vitambulisho, akiwa amekodoa macho. Chini yake pameandikwa: Asili ya bidhaa hii.

"Mke wangu, nimekukuta dukani umepangwa juu ya wenzio," fundi akasema. "Umependeza. Una mishikio miwili."

Mama Vifuniko hakucheka. Fundi akaliweka beseni chini taratibu, akajua mambo si mambo.

"Mama watoto, waache wabonyeze hicho kitufe. Uchafu wa kwenye kompyuta haunuki."

"Wewe kiatu ulichoshona kikiachia njiani, mteja akarudi nacho mkononi, unalala?"

Fundi akafikiri. "Silali," akakiri. Beseni lilibaki katikati yao kama mgeni asiyejua aage saa ngapi.

Ijumaa mkaguzi alifika, mama mmoja mwembamba mwenye koti la mvua na kishikwambi, na jambo la kwanza alilotaka ni kuona lilikotoka gunia la Jumanne. Kwenye mfumo wa kiwanda haujawahi kuingia mzigo wa kilo themanini na tisa usio na chembe ya uchafu. Wateja wameandika barua za pongezi. Tulimwonyesha Mama Vifuniko, aliyekuwa amesimama nje ya lango kavaa gauni lake la harusi za watu.

Mkaguzi akasoma kitambulisho chake. Kishikwambi kikalia.

"Hongera sana," akamwambia, akimshika mkono. Kisha akasoma zaidi, akauachia mkono ule. "Lakini wewe ndiye mzigo wenyewe."

"Ndivyo wanavyosema, dada."

"Na ulishakuwa mabeseni."

"Moja liko nyumbani, mume wangu ananawia miguu."

Mkaguzi alijaribu hiki na kile, akapiga simu makao makuu, akapiga tena. Mwisho akasema yaleyale ya karani: ni kitufe tu, la sivyo meza yapewa mwingine leo hii, na mwingine huyo alikuwa tayari anafunga aproni. Nikaona siwezi kuvumilia. Nikamwita Mama Vifuniko pembeni. "Dada yangu," nikamwambia, na sijawahi kumwita hivyo, "kubali wabonyeze. Mimi nani atanikagulia gundi?"

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akaenda kupanda mizani, maana mzigo unaokataliwa lazima upimwe upya. Mikono mitupu, hana gunia. Kilo sitini na nane.

"Bonyeza," akasema.

Karani akabonyeza. Mfumo ukauliza aina ya uchafu: mchanga, mafuta, gundi, mengineyo.

"Weka mchanga, yaishe," karani akasema.

"Thubutu!" Ile sauti yake ya kila siku ikarudi, ile inayonikera. "Mimi na mchanga wapi na wapi? Kwenye gunia la plastiki, kitu chochote kisicho plastiki ni uchafu. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

"Ndivyo," mkaguzi akasema.

"Basi andika ukweli. Weka mengineyo. Andika: ndani yake amekutwa mtu."

Karani alimtazama mkaguzi. Mkaguzi akakitazama kishikwambi, akaitikia kwa kichwa. Karani akaandika, herufi moja baada ya nyingine, na yadi nzima ilikuwa imeacha kazi kumwangalia. Taa nyekundu ikawaka. Lakini mfumo haukuishia hapo, ukatoa maagizo, na karani akayasoma kwa sauti ya kuhutubia: "Ondoa uchafu huo, kisha pima mzigo upya."

Mama Vifuniko akashuka kwenye mizani.

Mfumo ukapima. Kilo sifuri. Daraja la kwanza, uchafu hakuna, msimbo uko hai. Lango likafunguka lenyewe kwa kishindo, na yeye akapita na gauni lake la harusi, akamwondoa yule mwenye aproni mpya mezani kwake bila hata kumsalimia, akatia mkono kwenye gunia langu na kutoa dumu.

"Siku mbili tu," akasema, "na ona ulivyoniharibia."