Mnara Wenye Mlango Mmoja

Juzi, nikisubiri treni katika stesheni ya Gare du Nord, niliona bango la watalii lenye picha ya nyumba ya mnara ya Ayalandi, na harufu ya mawe yenye unyevu ikanirudia.

Parokia yetu ya Jette, huku ugenini, ilitupeleka huko likizo moja nikiwa bado mtoto, muda mfupi baada ya mimi na Maman kufika kutoka Bukavu. Mzee aliyetutembeza alizungumza Kifaransa polepole. Alisema mabwana wa zamani walijenga hivyo kwa kuogopa kuvamiwa: kuta nene, madirisha membamba, ngazi ya kuzunguka inayombana adui asiweze kuinua upanga. Juu ya mlango palikuwa na tundu la kumwangushia mawe.

"Milango ni ngapi?" Maman aliuliza.

"Mmoja tu."

Alipapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama anayechagua kitenge. Tulipofika chumba cha juu akaniambia, "Kama tulikuwa na nyumba ya namna hii, Papa yako angekuwa pamoja na sisi."

Nilifurahi. Nilikuwa nimeambiwa Papa amebaki nyuma, nikadhani Maman anamtafutia nyumba ya kufikia. Sikujua bado kwamba alibaki akiuegemea mlango wetu wa mbao, wavamizi wakiusukuma kutoka nje, ili sisi wawili tupate kutokea uani.

"Maman, kitanda ya Papa tutaweka hapa, karibu na dirisha?"

Aligeukia ukuta. Nilisikia upepo ukipita dirishani, na chini, watoto wa parokia wakicheka.

"Ndiyo, mutoto wangu," akasema mwishowe. "Tutaweka hapa."