Mwaka wa Ukurasa Mmoja

Mimi nina kinyongo, sifichi. Wenzangu wakizeeka husahau. Mimi nimezeeka na kila kitu kimo. Nikiulizwa utoto wangu wa Mwanza ulikuwaje, enzi zile za Mwingereza, nasema ulikuwa wa shughuli nyingi. Shughuli za watu wengine.

Nyumba yetu haikutulia. Baba alikuwa fundi cherehani, mashine yake barazani kwa Mhindi mmoja karibu na soko. Kaka yangu alisoma shule ya serikali, tena skauti, tena golikipa. Mdogo wangu wa kiume nusu ya mwaka alikuwa anakohoa na nusu iliyobaki anapanda majabali na kuanguka. Mama alikuwa kiguu na njia: leo arusini, kesho msibani, kesho kutwa Nyegezi kumwona mgonjwa. Dada yake, mama mkubwa wetu, tulikaa naye ua mmoja, naye alikaanga samaki wa kuuza gatini meli zikifika. Katikati yao nilikuwa mimi, mtoto wa kike wa miaka kama kumi, siumwi, sivunji kitu. Mtoto wa namna hiyo, jamani, husahaulika kama ufagio nyuma ya mlango.

Jambo langu lilikuwa moja tu, chuo cha Kurani. Mwaka ule, kabla ya masika, nilifika ukurasa wa mwisho wa msahafu. Mwalimu akanitazama, akatabasamu, akaweka uzi kati ya kurasa na kuufunika msahafu. "Hapa patangoja wazee wako," akasema.

Ndiyo desturi yetu. Ukurasa wa mwisho mwalimu huufungia mpaka wazazi waje na sinia: kanzu ya mwalimu, ubani, halua. Mtoto huketi mkekani, mama yake ubavuni, akasoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, watu wote wakimsikiliza. Hapo amehitimu. Sura zenyewe ni fupi, nilizijua kwa moyo tangu sijang'oka meno ya utoto. Lakini kuzijua si kuhitimu. Kuhitimu ni kusikilizwa.

Wala sikutaka halua mimi. Nilitaka mama akae. Akae tu, asiinuke kuchungulia chungu, anisikilize mpaka mwisho.

Nilipompa habari alinikumbatia, akanunua bafta nyeupe ya kanzu ya mwalimu siku ileile, akaikunja sandukuni. "Wiki ijayo, inshallah," akasema. Wiki hiyo timu ya kaka ikaenda Tabora kwa gari moshi, nyumba nzima ikahamia stesheni kuiaga, kisha ikahamia tena kuipokea. Walifungwa mabao matano, na kaka alinuna hata wali hakugusa. Wiki ya pili mdogo wangu akateguka mkono. Ya tatu mvua. Mama akasema subira huvuta heri. Heri ya nani? Sikuuliza.

Kisha mjomba akaoa Bukoba. Mama akamchukua mdogo wangu, wakapanda meli. Nilitaka kwenda, lakini ilisemwa kwamba mtu wa kumpikia baba ni mimi. Pale gatini mama alimwambia mama mkubwa, nami nasikia: "Mwalimu akiwa tayari, msimamie huyu. Bafta imo sandukuni." Mama mkubwa akaitikia vizuri. Meli ilipopiga honi nilipunga mkono mpaka bega likauma, na kule juu niliona khanga ya mama tu, imegeukia upande mwingine.

Walikawia miezi miwili. Arusi ilizaa ugonjwa wa bibi, ugonjwa ukazaa matanga. Huku nyuma mama mkubwa akaniambia, "Tumngoje mwenyewe, bwana. Mama yako yu hai, mimi nikakae mkekani pake? Haipendezi." Alisema kwa heshima kabisa, akaenda zake na samaki wake. Katika miezi hiyo shule ya kaka ikaandaa gwaride, na kila skauti akatakiwa avae nyeupe. Dukani bafta ilikuwa imekwisha. Nilimwona baba akifungua sanduku. "Nitairudisha," akaniambia, kana kwamba nimemuuliza. Kaka alipendeza, siwezi kumnyima haki yake.

Ulikuja msimu wa pamba. Wakulima wakishauza walitaka nguo za watoto siku hiyohiyo, na baba hakuinua kichwa kwenye mashine tangu alfajiri hadi magharibi. Nilimpelekea chakula, nikakaa chini ya meza kuokota vipande vya kitambaa. Tuliweza kukaa hivyo mchana mzima bila neno. Sikuwa na mtu wa kusema naye. Nasema wazi: nilikuwa mpweke ndani ya nyumba ya watu wengi, na upweke wa aina hiyo huna hata mtu wa kumlalamikia, maana kila mtu atakwambia mbona mko wengi.

Chuoni nako nikawa kitu nisichokijua. Sikuwa mwanafunzi, maana sina cha kusoma, wala sikuwa mhitimu. Mwalimu akanipa wadogo niwafundishe alifu na bee. Mama aliporudi na mdogo wangu, huyo naye akaletwa kwangu, msahafu wake umefika nusu. Nilimsogeza mimi mwenyewe, sura baada ya sura, nikimfinya sikio akizembea.

Mtasema, kwa nini hukumkumbusha mama? Wee! Mwalimu hawezi kujiombea kanzu, na mtoto hawezi kujiombea pilau. Ingekuwa aibu kwa wote wawili. Kwa hiyo mwalimu alinyamaza, nami nikanyamaza, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa huruma. Nilingoja mama aseme mwenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kwelikweli.

Masika yakazunguka tena, mdogo wangu akafika ukurasa wa mwisho. Na tazama mambo ya dunia: kwake nafasi ilipatikana kwa siku nne tu! Baba akashona kanzu ya mwalimu, akafunga mashine mchana kweupe. Kaka akaomba ruhusa shuleni. Mama mkubwa alikuwa kwa mwanawe Musoma, akatumiwa habari, hakuwahi. Mimi nikafurahi kuliko wote. Nilijiambia, ni sisi wawili. Mama amengoja kutuhitimisha pamoja, ndiyo maana. Nikaoga, nikavaa gauni langu la Idi, nikaenda chumbani na msahafu wangu kifuani.

Mama alikuwa amepiga magoti akimfunga mdogo wangu kilemba. Akanitazama, pini mdomoni.

"Msahafu wa nini tena, mwanangu? Nenda kachambue mchele, wageni wanaingia. Wewe si ulikwisha hitimu?"

Nikasimama.

"Wakati niko Bukoba," akasema. "Niliporudi niliiona bafta haimo, nikamshukuru Mungu. Nikasema dada yangu hakuniangusha." Akatoa pini mdomoni, sauti ikashuka. "Nilikuwa naona aibu hata kuuliza, si wewe si yeye. Mtoto wangu wa kike wa pekee, na sikuwapo."

Kumbe mwaka mzima naye alikuwa na lake. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, nikataka kupiga kelele nyumba isikie. Lakini nilimwona uso. Nje watu walikuwa wakivua viatu, mwalimu anakohoa mlangoni, na mdogo wangu amesimama kilemba kimemlalia jicho moja. Neno langu moja lingeivunja siku yake na kumvunja mama mbele za watu. Siku yangu lisingeirudisha.

"Nani alikaa mahali pangu?" mama akauliza.

"Mama mkubwa."

"Alikusikiliza vizuri?"

"Mpaka mwisho," nikasema. "Hakuinuka hata mara moja."

Mama akasema alhamdulillahi, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akamshika mdogo wangu mkono. Walipotoka nilikwenda jikoni nikachambua mchele.