Sisi Akina Thornton wa Kitale

Wiki jana nilipewa beji mpya kazini, rafiki yangu, na jina letu la ukoo halikuwemo. Lilibaki lile la ubatizo peke yake, kama mtoto wa chekechea. Kliniki yetu hapa Doha imepata mkuu wa wauguzi mpya, mama wa Kiingereza, na yeye pia ni Thornton. Afisa wa wafanyakazi akaona wagonjwa watachanganyikiwa, basi akalikata langu.

Nilipanda basi la kurudi Muaither, mtaa ninakoishi, beji ikiwa mkononi, na mawazo yakanirudisha Kitale, asubuhi ya baridi, moshi ukijipenyeza kwenye nyasi za paa la jiko la nyanya.

Tulikulia mahali palipoitwa Kwa Thornton. Mzungu mwenye shamba alikuwa ameondoka zamani, na ardhi ikagawanywa kwa watu wengine, sisi tukaachiwa kakipande ka kujengea tu, lakini hata wachuuzi wa sokoni walijua ni wapi. Palikuwa na ua mrefu wa kayaba, miiba yake kama sindano za gunia, na sisi watoto tulijibana humo kuchuma yale matunda ya manjano, machachu mpaka unafumba macho. Jioni tulikaa chini tukipukuchua mahindi hadi vidole gumba vinatoka malengelenge, mashine ya jirani ya kusaga posho ikipiga tuku-tuku ng'ambo ya kijito. Nyanya alisonga ugali wa wimbi, akaupakua na mboga ya mrenda. Ukiulizia nyama, alikuambia ng'ombe bado anaitumia.

Babu sikumkuta. Alikuwa mpishi wa yule Mzungu. Nyanya alitueleza kwamba alipokwenda kuandikiwa kipande, kile kitambulisho ambacho wakati wa ukoloni wanaume Waafrika walitakiwa kukivaa shingoni, karani alimwuliza yeye ni wa wapi. Akajibu, wa Kwa Thornton, maana ndiko alikofanya kazi na kulala. Karani akaandika hilo kuwa jina lake. Baba akalirithi, na baba zangu wadogo, na leo tumetapakaa nalo: Eldoret, Mombasa, Kampala, mimi huku.

Shuleni jina hilo lilinitesa. Mwalimu wa darasa la nne alilisoma kwa sauti ya puani, kisha akasema, "Mzungu wetu, simama," na darasa zima likacheka. Siku moja akaniambia nisirudi mpaka nipate jina la Kiafrika. Nilifika nyumbani nikilia. Nyanya alikuwa akipepeta maharagwe. Aliweka uteo chini, akajifunga leso, tukaenda. Alisimama mlangoni mwa darasa na matope ya shamba miguuni.

"Mwalimu," alisema, "mume wangu aliungua mikono kwenye jiko la yule mtu ujana wake wote. Shamba hakupewa. Ng'ombe hakupewa. Alitoka na jina tu, na hata hilo hakuliomba. Sasa wewe unataka kulichukua?"

Mwalimu akasema alikuwa akitania.

"Basi tafuta mtani wako. Huyu ni mwanafunzi."

Nyanya akaniambia nikakae, kisha akarudi kwenye maharagwe yake. Tangu siku hiyo mwalimu aliniita jina langu lote, sawasawa.

Sasa niambie, ningevaaje ile beji? Kesho yake niliiweka mezani kwa afisa.

"Ni kwa ajili ya wagonjwa tu, sista," alisema. "Halafu yeye ni mkuu."

"Ukuu ni wa kazi," nikamjibu. "Jina ni langu."

Alikataa kubadilisha. Nikaenda wodini, nikakata kipande cha plasta, nikaandika THORNTON kwa kalamu nzito na kukibandika kifuani. Nilifanya kazi hivyo hadi mkuu mwenyewe akaniona. Akaniuliza nililipataje jina hilo. Nikamweleza habari za babu, bila kupunguza kitu.

Alisema kwao Uingereza nako lilianza hivyo. Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu; akihama, wenyeji wa alikohamia walimwita kwa kijiji alikotoka. Thornton maana yake ni kijiji cha miiba, na vijiji vya jina hilo ni vingi, ndiyo maana akina Thornton wa kwao si wote ndugu.

"Basi ninyi mliitwa kwa mahali, na sisi tuliitwa kwa mahali," nilimwambia. "Plasta siitoi."

Jioni hiyohiyo afisa aliniletea beji yenye majina yangu yote. Nikamwambia sawa, nikaendelea na zamu.

Ila mahali penyewe hapapo tena. Dada yangu anasema ua wa kayaba umeng'olewa, umejengwa ukuta wa mawe, na mtaa umepewa jina jipya la kuvutia wanunuzi wa ploti. Mashine ya posho ilinyamaza zamani. Nyanya amelala pembeni ya kale kakipande ka ardhi tulikobaki nako, na watoto wanaocheza pale hawajui paliitwaje.

Mimi najua. Binti yangu alipozaliwa, muuguzi aliuliza aandikwe jina la ukoo gani. Mume wangu akanitazama. Nikamtajia yule muuguzi herufi moja moja, kuanzia T, nikamngoja amalize kuandika.